Zawadi za Krismasi za kutengeneza kwa mkono, zipande basi Mbeya hadi Dar: naomba vipimo

Binti wa Mwanjelwa
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Mbeya mjini, jiko langu ni la mkaa. Mwaka huu sitaki zile seti za glasi na biskuti za kopo. Nataka kila ndugu apate kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake. Kuna shangazi yuko Dar, ana kisukari. Kaka na wifi, Dar pia, wana mtoto wa miezi 8. Na bibi yuko Makete. Nimefikiria jamu ya plamu, maana Desemba zinakuwepo sokoni, ila nasikia huota ukungu. Nipeni vipimo kamili jamani, siyo "weka kiasi".

Jiko la Uyole
Plamu zinafaa. Chukua robo tatu zilizoiva na robo moja ngumu ngumu. Hizo ngumu ndizo zenye pektini nyingi, na pektini ndiyo inayogandisha jamu. Ukitumia zilizoiva sana pekee utaishia na sharubati nzito.

Plamu kilo 1 bila kokwa, maji mililita 150, sukari gramu 750, maji ya limau 1. Chemsha plamu na maji tu, dakika 15 hadi 20, mpaka ngozi zilainike. Sukari ikitangulia, ngozi hukakamaa na hazilainiki tena. Epua, mimina sukari na limau, koroga mpaka usisikie mchanga chini ya mwiko, ndipo urudishe kwenye moto mkali. Sukari isiyoyeyuka vizuri ndiyo inayokuja kuwa chembechembe ndani ya chupa. Sufuria iwe pana na isizidi nusu, maana jamu hufura.

Sasa jambo linalowapoteza wengi huku kwetu. Mapishi mengi husema jamu imeiva ikifika nyuzi 104 au 105. Hiyo ni hesabu ya pwani, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Ukingojea 104 utatoa gundi yenye harufu ya kuungua. Chovya kipimajoto kwenye maji yanayochemka, soma, jumlisha 4 au 5. Kwa hapa mjini ni 98 au 99. Huna kipimajoto? Poza kisahani kwenye maji baridi, kifute, dondoshea tone, subiri dakika 1, lisukume kwa kidole. Likikunjamana, tayari. Wakati unapima sufuria iwe chini, la sivyo inaendelea kuiva.

Chupa za kioo zichemshe dakika 10, mimina jamu ikiwa bado ya moto, bakiza nusu sentimita juu, funga. Kisha zizamishe zote kwenye maji yanayochemka dakika 10. Kwa Njombe na Makete fanya 15, kwa kuwa kule maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Zikipoa, mfuniko uwe umebonyea katikati. Ukiubonyeza ukarudi juu na kulia "tak", hiyo haijaziba, kuleni ninyi wenyewe. Ukungu mara nyingi hutokana na mifuniko iliyotumika mpaka mpira wake ukachoka, kwa hiyo nunua mipya. Utapata chupa 4 za gramu 300.

Binti wa Mwanjelwa
Asante sana mkuu, hiyo ya nyuzi sikuwahi kuisikia. Na shangazi?

Buni ya Mbozi
Shangazi asiguswe na jamu wala asali. Kama ni mnywaji wa kahawa, mkaangie ya Mbozi. Gramu 600 za buni zitakupa kama gramu 500, kwa sababu unyevu huondoka. Kikaango kizito, moto wa wastani, buni zisirundikane, na mkono usisimame hata kidogo: dakika 12 hadi 18. Zitaanza kulia kama bisi. Mlio ukikoma na rangi ikiwa kahawia, zimwage kwenye ungo upepete hapo hapo. Zinapoa haraka na makapi yanaruka. Ukiziacha kikaangoni zinaendelea kuungua hata moto ukizimwa.

Usizifunge siku hiyo. Kahawa mpya hutoa gesi, mfuko utavimba mpaka upasuke. Zikae saa 24 kwenye chombo ambacho mfuniko wake haujakazwa. Ulizia kama ana mashine ya kusagia, kama hana saga kabisa.

Milulu Iringa
Badala ya boksi, weka kila zawadi kwenye kikapu cha milulu, yale majani marefu ya kusukia. Kitabaki kikitumika baada ya jamu kwisha. Ila agiza Novemba, na mpe msusi kipimo cha chupa pamoja na nafasi ya sentimita 3 kila upande. Hiyo nafasi jaza maranda, kwa wapasua mbao wa Mafinga yamejaa. Maranda ya msonobari yasikae na kahawa, itanusa mbao. Kikapu kikiwa bado kibichi ndani, joto la Dar litakiotesha ukungu. Kianike kivulini kwenye upepo kwanza.

Nta na Asali
Bibi wa Makete mtengenezee mafuta ya mgando, baridi ya kule hupasua mikono. Nta gramu 25, mafuta ya parachichi au alizeti gramu 100. Bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, kamwe siyo nta moja kwa moja kwenye moto, inaweza kulipuka moto. Nta huyeyuka karibu nyuzi 63. Mimina kwenye vikopo vikavu kabisa; tone la maji au majani mabichi huyaharibu. Ukitaka kumpelekea na wifi Dar, nta iwe gramu 35, vinginevyo yatafika yamelegea.

Kwa kaka, jamu sawa. Asali usiweke kwenye kikapu chao bila kuandika wazi kuwa mtoto asilambishwe kabla ya kutimiza mwaka 1, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake halivimudu. Na kwenye kila chupa funga kikaratasi: jina la mpewa, kilichomo, tarehe ya kupikwa. Kahawa kaanga mwisho kabisa, siku mbili kabla ya basi.