Presha ya macho imepanda baada ya kuwekewa lenzi: nirudi India zitolewe?

Kijana wa Tabata: Habari zenu wanajamvi. Nina miaka 29, na tangu utotoni sioni mbali. Wiki saba zilizopita niliwekewa lenzi ndani ya macho yote mawili huko India, zile zinazokaa mbele ya lenzi ya asili, na kesho yake nilisoma bango la ng'ambo ya barabara bila miwani nikatokwa na machozi. Juzi nilipopimwa hapa Dar es Salaam, presha ilikuwa 34 kulia na 29 kushoto, wakati kawaida ni 10 hadi 21. Nimeshaulizia tiketi. Nifanye nini?

Mama Wawili: Pole sana mwanangu. Mama yangu alipofushwa na presha ya macho bila kuumwa hata siku moja. Alianza kumimina chai nje ya kikombe, nasi tukadhani ni uzee.

Mzee wa Ukonga: Vijana, miwani ina aibu gani hata mtu apasuliwe jicho zima?

Muuguzi Macho: Mleta mada, unatumia matone gani, na tangu lini?

Kijana wa Tabata: Yale niliyoandikiwa hospitalini.

Muuguzi Macho: Yataje, ndugu yangu.

Kijana wa Tabata: Deksamethasoni. Niliandikiwa wiki mbili, lakini vumbi lilipoyafanya macho kuwa mekundu nikaendelea kununua duka la dawa, na sasa hii ni chupa ya nne. Sikuona kosa, kwa sababu dawa ni ileile ya daktari bingwa.

Mkazi wa Mbagala: Nina shaka na simulizi hii. Mwenye presha ya 34 angekuwa anatapika kwa maumivu, si kuandika aya ndefu. Hapa kuna mtu anayeichafua hospitali ya watu.

Kijana wa Tabata: Chupa iko mbele yangu, kibandiko kimechakaa kwa jasho la mfukoni. Nidanganye ili nipate nini?

Muuguzi Macho: Mkazi, inayotapisha ni presha inayopanda ghafla; inayopanda polepole huweza kukaa kimya. Ingepanda siku ya kwanza, ningeshuku mabaki ya ute unaotumika wakati wa upasuaji. Kwa wiki saba za deksamethasoni, nashuku kwanza dawa hiyo, ambayo ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) na kwa baadhi ya watu huzuia maji ya jicho kutoka, na mara nyingi presha hushuka dawa inapoondolewa. Hata hivyo, lenzi iliyozidi ukubwa nayo huweza kubana njia ya maji hayo, kwa hiyo nafasi iliyopo kati yake na lenzi ya asili ipimwe. Ahirisha tiketi, nenda Muhimbili au CCBRT kesho asubuhi na chupa zote, na daktari akupangie namna ya kuiacha deksamethasoni. Je, una pumu?

Kijana wa Tabata: Ninayo tangu utotoni. Juzi nilipewa timololi ya kushusha presha. Sikuulizwa, nami sikusema. Bado sijaifungua.

Muuguzi Macho: Usiifungue. Huweza kubana kifua cha mwenye pumu. Mwambie daktari hilo kabla ya lingine lolote, akubadilishie.

Kijana wa Tabata: Nitakuwa mlangoni saa moja asubuhi.