PF3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari) ipo, mtoto kaeleza, mshtakiwa kaachiwa. Imekaaje hii?

Kibatari: Wakuu habari za saa hizi. Mtaani kwetu kuna kesi ya kubaka imeisha juzi, binti wa jirani, yuko form one. Mtoto kaeleza kila kitu, PF3 ipo, mama yake katoa ushahidi, halafu hakimu anasema eti upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha pasipo shaka, sasa jamaa anapita mbele ya nyumba ya binti anapiga mluzi. Walitaka nini tena, video?

Dogo Mkaidi: Bila DNA hizo kesi ni kupoteza nauli tu.

Kalamu Nyekundu: Sio kweli dogo. Kwa sheria ya hapa Tanzania DNA sio lazima, hata PF3 ikikosekana kesi inasimama. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 2006 ushahidi bora kwenye kubaka ni wa mhanga mwenyewe, na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu afungwe kwa maneno ya mhanga peke yake, ili mradi hakimu aridhike anasema kweli. Ila watu wanaishia hapo. Mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, mwanzo mwisho, mshtakiwa kazi yake kutia shaka tu. Na PF3 inasema kaingiliwa, haisemi nani.

Kibatari, umri ulithibitishwa? Akiwa chini ya 18 ridhaa haiulizwi kabisa, lakini lazima shahidi, mzazi au binti mwenyewe au daktari, aseme ana miaka mingapi, au cheti cha kuzaliwa kiletwe. Kuandikwa 14 kwenye hati ya mashtaka sio ushahidi. Kesi zinafia hapo, kitu cha sentensi moja!

Kibatari: Duh. Nimemuuliza mama yake sasa hivi, anasema alijibu "mwanangu bado mdogo" basi, hakuna aliyemuuliza kazaliwa lini. Na kadi ya kliniki anayo kabatini.

Bi Tausi: Poleni jamani. Mimi nilikuwa shahidi kwenye kesi ya mpwa wangu. Wakili akaniuliza, mbona mlikaa siku nne hamjamtaja huyu kijana na nyumba zenu zinapakana? Nikababaika, ukweli tulikuwa tunamsubiri mjomba aje kutoka Morogoro tukae kikao. Hakimu akaandika kuchelewa kumtaja kumetia shaka. Na nguo nilizifua mwenyewe usiku ule ule, nikijua namsitiri mtoto.

Kalamu Nyekundu: Pole sana dada. Kuchelewa kuna maelezo yake, hasa kwa mtoto aliyetishwa, ila lazima mwendesha mashtaka amuulize shahidi sababu ili iingie kwenye rekodi. Kibatari, DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) anaweza kukata rufaa ila muda unahesabiwa, mama aende kwa mwendesha mashtaka wiki hii hii.

Kibatari: Na kadi aende nayo?

Kalamu Nyekundu: Aende nayo. Ila asiitegemee sana, rufaa inaangalia kilichosemwa siku ile.