Bundi juu ya paa la ikulu: nimcheke mtawala bila kucheka imani za watu?

Mwandishi_Tororo:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naandika riwaya ya tashtiti kuhusu rais wa nchi ya kubuni. Sura ya tatu bundi anatua juu ya paa la ikulu mchana kweupe. Sheikh wa ikulu anasema ni rehema, mchungaji anasema ni shetani, mganga anadai mbuzi mweusi. Mkubwa anawalipa wote watatu. Nilimsomea mama, akacheka mpaka kwenye mbuzi, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo na mimi unanicheka?" Mama, akisikia bundi analia, humrushia kijinga cha moto. Nifanyeje kejeli impate mkubwa, imwache mama?

Kijana_wa_Mbarara:
Simulizi ya Biharwe, huku kwetu magharibi mwa Uganda, unaijua? Mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe wa kuteka, mchana ukageuka usiku. Akatimua mbio, mifugo ikabaki kwa jirani yake, mfalme Ntare wa Nkore. Wanahistoria wanaihusisha na kupatwa kwa jua mwaka 1520. Hakuna anayecheka jua pale. Tunamcheka mbabe aliyekimbia, na jirani aliyetulia akahesabu ng'ombe. Riwaya yako haina huyo jirani.

Mzee_Bombo:
Marahaba kijana. Agosti 1972 Amin alisema Mungu amemwotesha awafukuze Waasia, wakapewa siku 90. Amri ya waziri ungeweza kuihoji, ndoto utaihoji vipi? Na bunge alikwisha kulivunja. Bundi wako kila mtu anamwona, kwa hiyo kila mtu ana lake la kusema. Mkubwa hapendi ishara ya namna hiyo, anataka aliyoiona peke yake. Halafu huyo sheikh wako (nasema kama Mwislamu) ni karagosi tu. Mpe hofu kidogo, ana watoto wa kulisha.

Dada_Gulu:
Naomba usije ukaingiza mafuta ya kuzuia risasi. Wafuasi wa Alice Lakwena, kiongozi wa waasi wa huku kaskazini aliyedai kuongozwa na roho, walipakwa moo yaa (mafuta ya mshea) wakaamini risasi haziwaingii, wakaenda hivyo mpaka karibu na Jinja mwaka 1987. Mjini watu husimulia kama kichekesho. Huku kwetu kuna nyumba ambazo kijana aliondoka hakurudi.

Boda_Wandegeya:
Mimi nauliza tu, wakili unaye? Mwaka 2020 kuna mwandishi hapa Uganda alikamatwa kwa riwaya ya kumkejeli mtawala wa kubuni. Kubuni kwako wewe, wenzako wakisoma wanamwona mtu.

Mwandishi_Tororo:
Asanteni. Wakili sina, ila nina binamu anasomea sheria 😅 Mafuta hayaingii, Dada. Mzee, nimeipenda ya ndoto. Basi iwe hivi: mkubwa anatangaza kwamba bundi yule alikwisha kumwota tangu zamani, ni mjumbe wa serikali. Usiku mama mfagiaji wa ikulu anamrushia kijinga cha moto kama alivyofundishwa kwao, asubuhi anashtakiwa kwa kumshambulia mtumishi wa umma. Mahakamani watu wote wanamwogopa bundi, hakimu mwenyewe pia, na hakuna anayethubutu kusema. Mbuzi je, nimtoe?

Mzee_Bombo:
Mbuzi abaki. Ila kwenye risiti ya ikulu aandikwe ng'ombe wawili.