Uzamili wa ustawi wa jamii Marekani na zile saa 900 za fildi

Ndugu wanajumuiya,

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za masiku. Nina shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii niliyoipata nyumbani, na kwa miaka minne sasa ninafanya kazi ya kutunza wazee hapa Marekani, zamu za usiku. Ukaazi wa kudumu ninao. Nimechukua fomu za vyuo viwili, kimoja kikifundisha kwa mtandao na ada yake ikiwa nafuu, nami ningependa kuanza uzamili mwezi wa Agosti. Naomba waliopita njia hii wanieleze: shahada yangu ya nyumbani itanipunguzia muda, na je, naweza kusoma bila kuacha kazi?

Jibu la kwanza

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla hujalinganisha ada, tazama kama programu yenyewe ina ithibati ya Baraza la Elimu ya Ustawi wa Jamii, linaloitwa kwa kifupi CSWE, kwa sababu bodi za leseni za majimbo huitazama ithibati hiyo, na chuo kinaweza kuwa na ithibati ya jumla huku programu yake ya ustawi wa jamii haina. Kusoma kwa mtandao si kasoro. Programu za mtandaoni zenye ithibati ni nyingi. Mwenye shahada ya kwanza iliyotambuliwa na baraza anaweza kurukishwa masomo ya msingi, akamaliza kwa mwaka mmoja hivi badala ya miwili. Wewe uliyesoma nje unapaswa kuipeleka shahada yako kwenye huduma ya baraza hilohilo inayotathmini shahada za ustawi wa jamii za nchi nyingine. Tathmini ya kawaida ya vyeti, ile inayosema tu kwamba shahada yako inalingana na ya hapa, haitoshi kwa jambo hili. Mimi niliilipia hiyo ya kawaida, nikaiweka mezani kwa afisa udahili kwa madaha yote, naye akaniuliza ya baraza iko wapi.

Swali lako la pili ndilo zito. Kila mwanafunzi wa uzamili asiyerukishwa masomo ya msingi sharti amalize saa zisizopungua 900 za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi, na fildi nyingi hazilipwi. Kwangu zilikuwa siku mbili kwa wiki mwaka wa kwanza na tatu mwaka wa pili, mchana, kwa kuwa msimamizi naye ana saa zake za kazi. Darasa unaweza kulipata jioni, lakini fildi ya jioni ni nadra. Ukitoka zamu saa moja asubuhi na kutakiwa kliniki saa mbili na nusu, utalala lini? Uliza chuo kama kinaruhusu fildi mahali pa kazi. Kumwogesha na kumlisha mzee hakutahesabiwa, ila kama nyumba hiyohiyo ya wazee ina afisa ustawi wa jamii mwenye sifa za kusimamia mwanafunzi, unaweza kuwekwa chini yake kwa majukumu mapya kabisa.

Dogo lakini lilinisumbua: hospitali hutaka kipimo cha kifua kikuu kabla hujaanza. Wengi wetu tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, na kile kipimo cha kuchomwa chini ya ngozi ya mkono kinaweza kuvimba kwa ajili ya chanjo hiyo tu. Wangu ulivimba, nikapelekwa eksirei, wiki mbili zikapita. Omba kipimo cha damu, ambacho hakivurugwi na BCG.

Jibu la pili

Dada ameeleza saa zinavyopatikana. Mimi naongeza namna zinavyopotea. Shirika nililopelekwa lilihudumia wakimbizi, na lilifurahi mno kusikia kwamba ninaongea Kiswahili. Kufikia wiki ya pili nilikuwa mkalimani wa bure. Kwa miezi miwili nilikaa katikati ya mteja na mshauri nikisema maneno ya watu wengine, bila mteja hata mmoja wa kwangu, mpaka nilipoiandikia ofisi ya fildi ya chuo na kuambatisha mkataba wa mafunzo tuliousaini. Kwa hiyo hakikisha mkataba huo unasema tangu mwanzo kwamba Kiswahili utakitumia kwa wateja wako mwenyewe.

Nilipopata wateja ndipo nikaanza kujifunza. Unaandika mazungumzo neno kwa neno kadiri unavyoyakumbuka, safu ya pembeni unaandika ulichohisi, na msimamizi anajaza safu ya mwisho. Mama mmoja alinisimulia ugomvi na bintiye, nami nikamjibu, “Vumilia, watoto hukua.” Msimamizi aliyazungushia duara maneno hayo na kuandika: “Alikuomba ushauri?” Sisi tuliolelewa na shangazi wenye jibu kwa kila jambo tunaumia sana kwenye safu hiyo.

Kwa wenye viza ya mwanafunzi ya F-1, ambayo wewe huihitaji lakini wengine humu wanayo, fildi ipitishwe kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kama CPT, yaani kibali cha kazi iliyo sehemu ya masomo. Ukifanya CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza OPT, kile kibali cha kufanya kazi ya fani yako baada ya kuhitimu. Na OPT yenyewe kwa kawaida ni miezi 12, ilhali leseni ya kutoa tiba kwa kujitegemea katika jimbo kama California hudai saa 3,000 chini ya usimamizi, zilizotandazwa katika wiki zisizopungua 104. Atakayemalizia pengo hilo ni mwajiri mwenye nia ya kukuombea viza nyingine, naye atafutwe ungali mwanafunzi.

Kutoka kwa aliyeuliza

Ahsanteni sana. Nimeipitia orodha ya baraza usiku wa leo wakati wa mapumziko ya zamu. Chuo cha ada nafuu hakimo. Cha pili kimo, tena kina mpango wa miaka mitatu kwa wanaofanya kazi. Kesho nitazungumza na afisa ustawi wa jamii wa hapa kazini, na Agosti nimeiacha. Dada, kwa ajili ya ile tathmini ya baraza, maelezo ya kozi kutoka chuo cha nyumbani uliyapataje? Changu kinasisitiza nifike mwenyewe dirishani.