Eupen: irudi Ujerumani au ibaki Ubelgiji?

Mzigua95: Wadau mlioko Ulaya, nisaidieni. Eupen iko Ubelgiji, lakini wenyeji wanasema Kijerumani, hata bunge lao dogo linakaa kwa Kijerumani. Kwa haki mji huu si ungerudi kwa wenyewe?

Kadogo wa Liège: Wenyewe akina nani? Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, iliupata 1815 tu. Kabla yake walipita Waustria na Wafaransa. Halafu 1920 wananchi waliulizwa nani anapinga kuwa chini ya Ubelgiji: Eupen na jirani yake Malmedy, waliopinga 271 kati ya elfu thelathini na tatu na ushee. Kesi imekwisha.

Mwalimu Jongo: "Waliulizwa"! Ndugu yangu, sanduku la kura halikuwepo. Kulikuwa na daftari. Unaingia ofisini kwa watu wa Jenerali Baltia, mtawala wa Kibelgiji, unaandika jina lako kamili kwamba humtaki Mbelgiji, na Mbelgiji huyohuyo ndiye anayetawala kadi yako ya chakula. Wewe ungeandika?

Kadogo wa Liège: Ningeandika. Si wote waoga, mwalimu.

Mwalimu Jongo: Mwoga nani?

Binti Ujiji: Haya, mmeanza. Mimi nimenunua mkate pale. Nikasema *bonjour*, mama muuzaji akanijibu *guten Morgen*, chenji akanihesabia kwa Kifaransa, wala hakukunja uso. Na kurudishwa walisharudishwa, Mei 1940, na Hitler. Vijana wao wakavishwa sare wakapelekwa vitani. Nani ana hamu tena?

Mha Asilia: Mnasahau kitu. Vita Kuu ya Kwanza ileile, mkataba uleule wa amani wa Versailles: Mjerumani akavuliwa Eupen, akavuliwa na Ruanda-Urundi, zote zikaangukia kwa Mbelgiji. Watu wa Eupen angalau walipata daftari. Warundi nani aliwapa hata kalamu?

Kadogo wa Liège: Aliyeshinda vita huchukua. Tabora 1916 aliiteka nani kama si Mbelgiji?

Mha Asilia: MBELGIJI? Askari walikuwa Wakongo, mizigo ikabebwa na babu zetu kwa vichwa. Tombeur, jenerali wao Mbelgiji, yeye akaongezewa "de Tabora" kwenye jina, akawa baroni. Waliobeba masanduku ya risasi wakaongezewa nini?

Binti Ujiji: Vidonda vya mabega.

Mzigua95: Jamani, Eupen?

Mwalimu Jongo: Subiri kwanza. Kadogo hajaniomba radhi.