Eti "ongeza sauti"! Huyu bwana wa draiva anatuonaje?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka.

Simtaji, mnamjua. Yule bwana mkubwa wa pachi (viraka vya kurekebisha programu) za sauti za FreeBSD, mfumo endeshi wetu wa kompyuta, anayejibu kama anakatwa hela kwa kila neno.

Nimekesha siku tatu. Laptopu haitoi hata mlio wa mbu. Nikachukua pachi yake YEYE MWENYEWE ya `hdaa_patches.c`, faili la draiva ya sauti, nikapiga `patch -p1`, ikanitemea "Hunk #3 failed", yaani kipande cha tatu kimegoma. Nikafungua `.rej`, faili la vipande vilivyokataliwa, nikachomeka mistari mmoja mmoja kwa mkono kama natafuta kunguni godoroni. `make buildkernel`, nijenge upya kaneli, kiini cha mfumo: feni ikanguruma kama ndege inataka kupaa, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyotoka humo. Nikasakinisha mara mbili mfululizo, kumbe `kernel.old`, ile ya akiba, nayo imefunikwa na kaneli mbovu! Flashi ndiyo iliyoniokoa.

Nikamwandikia kwa adabu. Dmesg nzima, yaani ripoti ya kaneli. Hata shikamoo niliweka. Akakaa siku mbili, akarudi na maneno mawili:

"Ongeza sauti."

Ongeza. Sauti. Na kikatuni cha kucheka pembeni! Mimi niliyeshona kaneli kwa mkono, nisijue kuongeza sauti? Hata pole hakuna. Nina maiti mbili za kaneli hapa, mtu ananiambia ONGEZA SAUTI.

Panya wa Terminali: Uliongeza lakini?

Mkesha Hoi: 😂😂 Uzi ufungwe.

Mleta uzi: Panya, nawe umetumwa? `mixer` inasoma 100:100, sauti imejaa, tangu juzi!

Root Mstaafu: Punguza povu kijana. Weka hapa `cat /dev/sndstat`, tuone vifaa vya sauti.

Mleta uzi:
`pcm0: <Intel Haswell (HDMI/DP 8ch)> (play) default`
`pcm1: <Realtek ALC269 (Analog)> (play/rec)`

Root Mstaafu: Sauti yako inakwenda HDMI, kwenye skrini ambayo hata hujaichomeka. Ihamishie pcm1: `sysctl hw.snd.default_unit=1`, funga programu, fungua tena. Ikilia, iandike kwenye `/etc/sysctl.conf`. Pachi ulikuwa huihitaji kabisa.

Panya wa Terminali: Siku tatu! Kaneli mbili! Kwa namba MOJA 😂

Mleta uzi: Imelia, asante mzee. Ila hoja iko palepale. Hakusema "badili default_unit". Alisema "ongeza sauti".

Mhamiaji: Ndiyo maana nilihamia Linux.

Mkesha Hoi: Ipi, yenye mtambo wa sauti wa PulseAudio au wa PipeWire? Huko nilikaa bubu wiki nzima, kumbe `alsamixer` imeandika MM, yaani imezibwa. Dawa ni kubonyeza M tu.

Mhamiaji: Afadhali wewe. Hedifoni zangu za Bluetooth zinasema zimeunganishwa, muziki unatokea kwenye spika, wakwe wamekaa pale.

Root Mstaafu: Bluetooth ina nafuu. Printa je?

Panya wa Terminali: PRINTA! Mzee usinichokoze. `lpstat -p` inasema imezimwa. Nani kaizima? Naishi peke yangu!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada…

Mkesha Hoi: Panya, piga `cupsenable` na jina la printa.

Panya wa Terminali: Nimepiga. Inatoa ukurasa uleule wa tangu Jumatatu. Huu ni wa 19. Inazimwaje?