Wauza pevingi wa Dar, mnatuuzia mchanga uliopakwa rangi

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, mnivumilie. Na nyie wenye viwanda vya pevingi, hivi vitofali vya zege vya kutandika chini, vya kando ya barabara mliomo humu, someni mpaka mwisho.

Njia ya gari kwangu, kutoka getini hadi barazani, haijamaliza hata mwaka. Matairi yameshachimba mitaro miwili, mvua ikinyesha maji yanatuama humo, na vitofali vya pembeni vinahamia kwenye maua. Leo nimeng'oa kimoja nikakipiga kwenye ngazi. Juu kuna wekundu mwembamba kama ganda la yai, chini yake mchanga mtupu. Nikiukwangua kwa ufunguo wa gari unamwagika. Na hiki niliambiwa ni "hevi dyuti, hata fuso linapita". Lori gani la fuso? Kigari changu cha IST tu kimekishinda!

Nimerudi kule yadi kudai haki yangu, nikasimama kuwaangalia. Kijana anachanganya zege kwa koleo, na kwa kuwa meza ya kutikisa zege lishikane imeharibika, anazidisha maji ili zege lijae lenyewe kwenye moldi. Kila anayejenga anajua maji yakizidi zege linakosa nguvu. Asubuhi vitofali vinatolewa, vinaanikwa juani bila kumwagiliwa, na kabla wiki haijaisha vimeshapakiwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo. Zege linatakiwa limwagiliwe angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kwenye jua la Dar la Januari, kitofali kisichomwagiliwa kinakauka kabla sementi haijafanya kazi yake. Halafu mnasema tatizo ni gari langu.

Fundi naye hachomoki. Mnatutajia bei ya mita ya mraba, lakini kilichomo ndani ya hiyo mita hakuna anayekitaja. Kazi yenyewe iko chini: uondoe udongo wa juu wenye mizizi, umwage moramu (udongo wa changarawe) au kifusi cha kokoto, ushindilie kwa mashine tabaka kwa tabaka, ndipo uweke mchanga wa sentimita 3 hadi 5, si zaidi. Wa kwangu alifukia mabonde kwa mchanga mwingi, akashindilia kwa kigogo, ukingo wa zege akasema "tutaweka baadaye bosi". Bila ukingo vitofali vinaachana, hilo halihitaji digrii. Na unene! Kwa gari dogo ni milimita 60. Pimeni vya kwenu kwa rula, mtalia.

Kuna na hili la rangi. Wanazipigia debe nyeusi na maruni eti zinaficha oili. Saa nane mchana watoto hawawezi kukanyaga pekupeku, na usiku joto lile linapanda dirishani. Kijivu cha kawaida kinarudisha jua zaidi na bei yake ni nafuu zaidi, ila hakina faida kubwa kwa muuzaji, ndiyo maana hakionyeshwi. Lami msinitajie: inanyonya jua kuliko zote, na kwa kieneo cha nyumbani gharama ya kuleta mitambo tu inakumaliza.

Kwa mwenye bajeti ndogo, na hili wauzaji hawatakwambia, si lazima usakafie kiwanja kizima. Mwaga mistari miwili ya zege pale matairi yanapopita, unene wa sentimita 10, ukate viungo, yaani mikato ya kutenganisha zege, kila baada ya mita 3 hivi lisipasuke ovyo, katikati uache nyasi au kokoto. Maji ya mvua yanapata pa kuzama, uwanja haugeuki kikaango. Kokoto peke yake nayo inafaa kama kuna ukingo wa kuizuia isitawanyike. Moramu tupu ni vumbi kiangazi, tope masika, lakini angalau haikudanganyi.

Sasa nauliza: nani anajua yadi, Dar au Pwani, inayomruhusu mteja achague vitofali vilivyokaa siku 28 na avunje kimoja mbele yao kabla hajalipa? Wekeni hapa hapa, msinifuate PM. Na wewe uliyeniuzia, ambaye tangu jana unanibembeleza nisiandike: rudisha hela au njoo ung'oe takataka zako. Picha ninazo.